Tarehe ya Kupigwa, Siyo Tarehe ya Kupokelewa

Ndugu Mwenyekiti, wapiga picha wenzangu, na nyote mnaotunza picha za familia na za kazi, ahsanteni kwa kunikaribisha.

Nianze na hoja yenyewe. Picha za kidijitali zipangwe kwa tarehe zilipopigwa, na mpangilio mwingine wowote uje nyuma ya huo. Majina ya watu, mahali, aina ya shughuli, uzuri wa picha: hayo yote yana nafasi yake, lakini yafuate. Nasema hivi kwa sababu tarehe haina ubishi. Picha ya bibi akiwa amempakata mjukuu, mimi naweza kuiweka kwenye folda ya "Familia", dada yangu akaiweka kwenye "Sikukuu", kaka yangu akaiweka kwenye "Nyumba ya zamani", na sote tukawa sahihi. Miaka kumi ikipita hakuna hata mmoja wetu atakayekumbuka aliiweka wapi. Lakini picha ile ilipigwa siku moja tu, na yeyote atakayekuja baada yetu, hata asiyetujua, anaweza kuifikia kwa kufuata kalenda.

Wapo wanaosema zama za kupanga picha zimepita, kwamba simu za siku hizi zinatambua nyuso, na ukiandika tu "bahari" picha za bahari zinakuja. Ni kweli, na zinasaidia. Ila programu ikikuletea picha mia mbili za mtoto wako, bado unataka zifuatane: hapa anatambaa, hapa anasimama kwa kushika kiti, hapa anatembea. Mfuatano huo unatokana na tarehe, na programu yenyewe inaisoma tarehe hiyo ndani ya picha. Ikiikuta mbovu, itakuonyesha mtoto anayetembea kabla ya kutambaa, na haitashtuka.

Wafikirieni pia wale ambao picha kwao ni kazi. Fundi anayefuatilia ufa ukutani huupiga picha ufa ule ule kila mwezi, rula ikiwa pembeni yake. Picha moja ya ufa haimwambii mengi. Picha sita zikifuatana kwa tarehe zinamwambia kama ukuta umetulia au unaendelea kuachana, na kwa kasi gani. Zichanganye tarehe zake, na ufa unaopanuka utaonekana kama unaoziba. Ndivyo ilivyo kwa muuguzi anayefuatilia kidonda, kwa mtafiti anayetazama mmea ukitoa maua, na kwa mwandishi wa habari anayeulizwa kama picha yake ni ya jana au ya mwaka juzi.

Sasa, tarehe hii iko wapi? Kila unapobonyeza kitufe, kamera au simu huandika maelezo mafupi ndani ya faili la picha: kamera ni ipi, lenzi ilifunguka kiasi gani, na wakati. Utaratibu wa kuandika maelezo hayo unaitwa EXIF. Uliandaliwa Japani na jumuiya ya viwanda vya elektroniki vya nchi hiyo, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1995. Wakati unaandikwa hivi:

2019:08:17 15:42:09

Mwaka, mwezi, siku, halafu saa kwa mtindo wa saa 24. Hiyo ni Jumamosi ya tarehe 17 Agosti, saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri. Na EXIF haina nafasi moja ya wakati, inazo tatu. Ya kwanza, inayoitwa DateTimeOriginal, ni ya wakati picha ilipopigwa. Ya pili ni ya wakati ilipogeuzwa kuwa ya kidijitali, ambayo kwa kamera za kidijitali hulingana na ya kwanza. Ya tatu ni ya wakati faili lilipobadilishwa mara ya mwisho. Ukichukua jambo moja tu katika mazungumzo haya, chukua jina hilo la kwanza, maana ndilo unalopaswa kuiambia programu yoyote ilifuate.

Nje ya hizo tatu, kompyuta nayo ina tarehe zake kuhusu faili, na hapo ndipo wengi wanapopotezwa. Tuifuate picha hiyo ya Agosti 17. Jumanne, tarehe 20, mwenye picha anamtumia binamu yake kwa WhatsApp. WhatsApp inaipunguza ukubwa ili isafiri haraka, na katika kuipunguza inaondoa maelezo ya EXIF. Kwenye simu ya Android ya binamu picha inaingia kwa jina kama IMG-20190820-WA0014.jpg. Mtu akiliona jina hilo anaamini picha ilipigwa tarehe 20. Kumbe 20 ni siku ilipopokelewa, na ile 0014 ni namba tu ya foleni ya siku hiyo. Mwaka 2021 binamu anahamishia picha zake kwenye kompyuta ya Windows. Pale kwenye tarehe ya kuundwa kwa faili inaandikwa siku ya kunakili, ya 2021, huku tarehe ya kubadilishwa ikibaki ya 2019. Faili linadai limebadilishwa miaka miwili kabla halijaundwa. Mwaka 2023 anaifungua, anaikata pembeni, anaihifadhi. Tarehe ya kubadilishwa nayo inahama. Sasa hakuna hata tarehe moja kwenye nakala ya binamu inayosema Agosti 17. Ile sahihi ipo sehemu moja tu duniani, ndani ya faili la kwanza, kwenye simu iliyopiga picha.

Ndiyo maana nawasihi sana: picha mnayoithamini itafuteni kwa aliyeipiga, na mwombeni faili lenyewe. Akitumia WhatsApp, aitume kama hati, isiwe kama picha; hapo faili linafika kama lilivyo, na EXIF yake ndani. Au atumie waya, au kadi, au barua pepe. Baada ya shughuli kubwa watu hurushiana mamia ya picha kwenye kundi na kuamini kumbukumbu imehifadhiwa, na inaniuma kila ninapoliona hilo, kwa sababu kilichohifadhiwa ni nakala zilizopungua ukubwa na kupoteza siku zake. Mtu mmoja akijitolea kuwazungukia waliokuwa na kamera siku ile na kukusanya mafaili halisi, ameifanyia familia yake kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Nije kwenye saa ya kamera, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. EXIF huandika inachoambiwa na saa ya kamera. Saa ikidanganya, EXIF inadanganya kwa uhakika uleule. Simu haina shida hiyo kwa kawaida, kwa sababu inachukua saa kutoka kwenye mtandao. Kamera nyingi zinategemea mtu aliyeziwekea saa siku ya kwanza na betri ndogo ya ndani inayoitunza. Kamera ikikaa kabatini muda mrefu bila betri kubwa, ile ndogo inaisha, na saa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani, mara nyingi Januari 1 ya mwaka fulani. Ukikuta rundo la picha zote zinadai zilipigwa Januari 1 kuanzia saa sita usiku, usiziamini. Vivyo hivyo tarehe ya Januari 1, 1970 au Januari 1, 1980 kwenye faili: hizo ni siku ambazo mifumo ya kompyuta inaanzia kuhesabu, na maana yake ni kwamba tarehe haikuwepo. Video ina yake: mafaili ya MP4 huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1904, kwa hiyo video inayodai ni ya mwaka huo haikupewa wakati wowote.

Na lipo kosa linalotuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Mtu anawasha kamera mpya, inamuuliza saa, ni saa tatu asubuhi, naye anaandika 03:00. Tangu dakika hiyo kila picha iko nyuma kwa saa sita kamili. Harusi ya alasiri inaonekana ilifungwa asubuhi, na picha ya saa kumi na moja alfajiri inahamia usiku wa siku iliyotangulia. Kosa hili ni gumu kuligundua kwa sababu tarehe nyingi zinabaki sahihi. Linajitokeza pale tu unapozichanganya picha zako na za mwenzako na kuona bwana harusi anaondoka kabla hajafika.

Safari nazo. Ukivuka mpaka wa ukanda wa saa, simu inajirekebisha yenyewe, kamera inabaki na saa ya nyumbani. EXIF kwa miaka mingi haikuwa hata na mahali pa kuandika ukanda wa saa. Nafasi hiyo iliongezwa kwenye toleo la 2.31 la mwaka 2016, na mafaili mengi tuliyonayo ni ya kabla yake. Video kwa kanuni ya muundo wake huandikwa kwa saa ya dunia, yaani UTC, wakati picha huandikwa kwa saa ya mahali. Ukiwa mahali palipotangulia UTC kwa saa tatu, picha uliyopiga saa saba na nusu usiku inaandikwa 01:30, na video uliyorekodi dakika hiyo hiyo inaandikwa 22:30 ya siku iliyopita. Programu isiyojua hilo itaziweka kwenye folda mbili tofauti.

Dawa ya mambo haya ni ndogo, na ningependa iwe desturi. Kabla ya shughuli yoyote, kila mwenye kamera aipige picha skrini ya simu inayoonyesha saa pamoja na sekunde. Picha moja tu. Baadaye unaifungua kwenye kompyuta: skrini inasema 14:05:20, EXIF inasema 08:03:50, basi unajua kamera hiyo iko nyuma kwa saa sita, dakika moja na nusu, na tofauti hiyo inazihusu picha zake zote za siku hiyo. Unazisogeza zote kwa pamoja, na picha za kamera tatu tofauti zinaingiliana kwa mfuatano wa kweli: pete inatoka mfukoni kwenye picha ya mmoja, inavishwa kidoleni kwenye picha ya mwingine.

Kwa kuzisogeza, programu nyingi za picha zina uwezo huo. Ninayoiamini kuliko zote ni ExifTool ya Phil Harvey, inayopatikana bure tangu mwaka 2003. Haina madirisha wala vitufe, unaiandikia amri. Kusogeza mbele kwa saa sita picha zote zilizo kwenye folda inayoitwa harusi, amri ni hii:

exiftool "-AllDates+=6:00" harusi

Kwa kawaida programu hii hubakiza faili la awali pembeni, ikiliongezea neno "_original" kwenye jina. Msiyafute hayo mpaka mmehakiki. Na hata hivyo nakilini folda nzima kwenye diski nyingine kabla ya kugusa chochote. Amri moja inayobadilisha mafaili elfu mbili inabadilisha yote hata pale mlipokosea.

Majina ya mafaili sasa. Kamera hufuata kanuni iitwayo DCF: herufi nne, kisha namba kuanzia 0001 hadi 9999, kama IMG_4471. Ikifika 9999 inarudi 0001. Kwa hiyo kamera moja itakupa IMG_0001 mbili, na kamera mbili zitakupa zaidi, na siku utakapozimimina zote kwenye folda moja kompyuta itakuuliza kama ifute ya kwanza. Watu hubonyeza ndiyo. Jina linalokwepa hatari hiyo linaanza na tarehe na saa, na namba ya kamera inabaki mwishoni:

2019-08-17_15-42-09_IMG_4471.jpg

Namba ile ya mwisho msiitupe. Kamera inayopiga picha nyingi mfululizo hutoa picha kadhaa ndani ya sekunde moja, na namba ndiyo inayozitenganisha.

Mwaka utangulie, mwezi ufuate, siku iwe ya mwisho, na mwezi wa nane uandikwe 08. Huu ni utaratibu wa kimataifa wa ISO 8601, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Kompyuta inapopanga majina husoma kutoka kushoto kama unavyosoma kamusi. Ukianza na siku, tarehe tatu za kila mwezi wa kila mwaka zitakaa pamoja. Ukiandika 8 bila sifuri, programu nyingi zitaitanguliza 10, kwa kuwa moja ni ndogo kuliko nane. Na ukitumia majina ya miezi, mwaka wako utaanza na Agosti, ukifuatiwa na Aprili, Desemba itatangulia Februari, na utafunga mwaka kwa Septemba.

Folda zisiwe nyingi. Mwaka, ndani yake mwezi, basi. Siku yenye picha nyingi ipewe folda yake, tarehe mbele na jina la shughuli nyuma: "2019-08-17 harusi ya dada". Hapo jina zuri limepata mahali pake bila kuvuruga mfuatano. Folda zinazoitwa "Mpya", "Mpya 2" na "Za kupanga" zifungueni wiki hii. Shughuli iliyovuka saa sita usiku ninaiacha kwenye folda ya siku ilipoanza, ingawa saa iliyo ndani ya faili siigusi. Anayetafuta picha za mkesha ataanzia jioni, na ndani ya folda zitamfuatia vizuri.

Picha za skrini zitengeni. Baadhi hazina tarehe ya kupigwa kwenye EXIF, na zikichanganywa na picha halisi zinakaa popote programu inapodhani.

Kuna waliokuja kuniuliza kabla ya kikao kuhusu picha za karatasi zilizoskaniwa, na naona ndilo jambo lenye uzito kwa wengi humu. Ukiskani leo picha ya harusi ya wazazi wako, skana au programu yake itaandika tarehe ya leo. Picha za miaka arobaini zinapangwa zote Jumapili moja ya mvua uliyokaa ndani ukiskani. Hapa ndipo zile nafasi mbili za EXIF zinapofanya kazi iliyokusudiwa: tarehe ya leo ibaki kwenye nafasi ya kugeuzwa kuwa ya kidijitali, na kwenye DateTimeOriginal uweke siku picha ilipopigwa.

Na kama siku haijulikani, msiibuni. Mtu akiweka Januari 1, 1974 kwa sababu anajua mwaka tu, anayekuja baadaye hana njia ya kujua kama ilikuwa kweli sikukuu ya mwaka mpya. Utaratibu mwingine wa maelezo ya picha, XMP, ulioanzishwa na Adobe mwaka 2001, unakubali mwaka peke yake, au mwaka na mwezi. Kwenye jina la faili andika 1974-00-00. Itakaa mwanzoni mwa mwaka huo, na sifuri zitamwambia msomaji kwamba mwezi na siku havijulikani.

Mara nyingi mnajua zaidi ya mnavyodhani. Geuzeni picha, nyuma pengine pana mwandiko au muhuri wa studio. Tazameni nani yupo na nani hayupo: mdogo wa mwisho hajazaliwa, babu bado yu hai, nyumba ina chumba cha pili lakini haina baraza. Kila jambo kama hilo linafunga mlango upande mmoja, na mara kipindi cha miaka ishirini kinabaki miwili. Kaeni na wazee mkiwa na picha zenyewe mkononi, tena chache kwa kikao kimoja. Msiwaulize mwaka. Waulizeni hapa mama alikuwa na mimba ya nani, mlikuwa mmeshahamia ile nyumba nyingine, nguo hii ilishonwa kwa ajili ya shughuli gani. Mwaka mtaupata wenyewe. Na wanayowaambia yaandikeni kwenye maelezo ya picha pamoja na jina la aliyesema: "Kwa mujibu wa shangazi, kabla ya kuhamia mjini." Shangazi wawili wakitofautiana, andikeni kauli zote mbili, kwa sababu picha ya tatu itakayopatikana kwa binamu fulani inaweza kuwaamua.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Walioleta kamera zao, tuziwashe sasa tuangalie saa zake, kisha nitapokea maswali.